Soketi mpya inasumbua? Anza kuuliza umeme wake umetolewa wapi

Nyumba nyingi za huku kwetu Dar zilifanyiwa wayaringi enzi ambazo mtu alikua na redio, tv moja na pasi basi, soketi moja kila chumba na mbili sebuleni ilitosha kabisa. Saizi kuna friji, rauta, jagi la kuchemshia maji, rais kuka, hita ya bafuni, simu za nyumba nzima zinataka chaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo fundi anaitwa aongeze soketi mbili tatu. Anaongeza, zinawaka, anapewa chake anasepa. Alafu siku si nyingi breka inaanza kuruka, au friji linakupiga shoti, au luku inakula uniti kama imelogwa.

Mimi nikiitwa kwenye kazi ya hivyo swali langu la kwanza sio soketi ni ya kampuni gani, ni hili: umeme wake umetolewa wapi? Kwenye boksi la breka? Kwenye soketi ya jirani yake? Kwenye swichi ya taa? Ukishajua hapo, dalili karibu zote zinajieleza zenyewe.

Kabla hujagusa kitu

Zima mein swichi, sio breka moja. Mtu anazima breka iliyoandikwa soketi anajiona yuko salama, kumbe ile soketi mpya imeungwa kwenye laini ya taa na bado ina moto. Kama una inveta, sola au jenereta nayo izime, sababu ukizima mein inveta inachukua zamu na waya unabaki hai vilevile. Kisha pima: jaribu testa yako kwanza mahali unapojua kuna umeme, uone kweli inawaka, ndo uje upime pale unapotaka kushika. Testa iliyokufa itakwambia uongo na hutapata nafasi ya kuilalamikia.

Kingine, kuchomoa vitu, kunusa, kuangalia, kupandisha breka moja moja, hivyo unaweza mwenyewe. Kufungua boksi la breka na kuvuta sakiti mpya, yaani laini yenye breka yake, ni kazi ya fundi mwenye leseni, Tanzania anayetoa ni EWURA na Kenya ni EPRA, muombe akuonyeshe, fundi wa kweli hakasiriki.

Breka inaruka

Angalia muda, muda ndo unaongea. Ikiruka papo hapo unapoipandisha na kila kitu kimechomolewa, hiyo ni shoti ya waya ndani ya ukuta au nyuma ya soketi. Ikikaa dakika kumi, ishirini, jagi na pasi zikiwa kazini ndo ikate, huo ni mzigo umezidi. Ikiruka ukichomeka kifaa kimoja tu, na kifaa hichohicho kinafanya hivyo hata kwenye soketi ya zamani, basi kifaa ndo kibovu, acha kumtukana fundi.

Shoti ya papo hapo kwenye soketi mpya mara nyingi iko kwenye boksi lake lenyewe. Mein ikiwa imezimwa na umeshapima, legeza zile skrubu mbili, ivute soketi mbele taratibu na umulike na tochi ya simu. Utakuta waya uliobaki mrefu umekunjwakunjwa ukasukumwa ndani kwa nguvu, laivu, yaani waya wenye moto, imebanwa kati ya skrubu na boksi la chuma, plastiki imechubuka sehemu ndogo sana na pembeni pana kadoa keusi ka masizi. Hapo unakata sehemu iliyoumia, unaunga upya, unapunguza urefu, imeisha. Kama boksi ni safi waulize wenye nyumba nani amepiga msumari juzi. Watu wa pazia na wa kutundika tv wanatoboa juu ya soketi moja kwa moja, na waya wa soketi kawaida unapanda wima au unashuka wima, kwa hiyo hapo ndipo palipotobolewa.

Mzigo kuzidi ni hesabu tu. Wati gawanya kwa volti 230 unapata ampia. Jagi la wati 2000 ni karibu ampia 9, pasi ya 1200 ni 5 na kitu, rais kuka ya 1000 ni 4 na kitu, jumla 18 hivi. Sakiti ya soketi yenye breka ya ampia 20 na waya wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, inabeba hapo ila ukiwasha na maikrowevu umeshapita. Na ujue breka haikati sekunde ileile unayovuka 20, kwa viwango vyake inatakiwa ivumilie ampia 22 na nusu kwa saa nzima bila kukata, na hata mzigo ukifika 29 bado inaruhusiwa kuchukua muda hadi saa moja. Ndo maana unaona jana haikuruka leo imeruka na umetumia vitu vilevile, jana uliwahi kumaliza kupiga pasi.

Sasa kuna ile dawa ya haraka ambayo siipendi kabisa, breka ya 20 inaruka fundi anatoa anaweka ya 32, tatizo linaisha, mwenye nyumba anafurahi. Breka kazi yake ni kulinda waya ulioko ukutani. Ukiweka 32 kwenye waya mmoja wa 2.5 uliobanana na wenzake ndani ya bomba, waya ndo unakua fyuzi, na unawaka ndani ya ukuta au juu ya silingi bodi ambako huoni moto wala moshi mapema. Mbaya zaidi ni waya wa 1.5 wa taa. Huo kwa kawaida unakaa kwenye breka ya 6 au 10, ukikuta umewekewa 20 au 32 jua kuna mtu alitoa soketi kwenye taa, zikaanza kuruka, akatibu kwa breka kubwa. Jaribio lake ni jepesi, shusha breka ya taa kisha nenda kwenye soketi mpya: ikizima pamoja na taa jibu unalo, na pasi au jagi havina ruhusa hapo, chaji ya simu na rauta basi.

Usichanganye na ringi lakini. Kuna nyumba zina breka ya 32 na waya wa 2.5 kihalali kabisa kwa sababu waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, kwa hiyo mzigo unagawana njia mbili. Ukifungua utaona laivu mbili zimeingia breka moja. Kwenye ringi unaruhusiwa kuchomoza tawi la soketi moja kutoka kwenye soketi iliyopo, sio unachomoza, kisha unachomoza kwenye uliyochomoza, mpaka unafika kwenye banda la kuku. Na ringi ikikatika upande mmoja hautajua, soketi zote zinafanya kazi kama kawaida ila mzigo wote unapita upande mmoja. Hiyo inajulikana kwa maltimita tu, mein imezimwa, zile ncha mbili za laivu zimetolewa kwenye breka na unapima kama zinawasiliana, kisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) hivyohivyo, kisha ethi (waya wa ardhi).

Na waya feki upo, hili si la kunong'ona. Umeandikwa 2.5 ukiushika ni mwepesi, ukikwaruza na kisu ndani ni mweupe, yaani alumini iliyopakwa kopa. Kariakoo unauziwa rola nzima kwa bei tamu. Huo unapata moto kwa mzigo ambao kopa halisi isingeustukia, na skrubu zake zinalegea mapema. Kwaruza kabla hujalipa.

RCD inakata, breka ziko juu tu

RCD, ile swichi yenye batani ya T kwenye boksi la breka, wengine bado wanaiita ELCB, inalinganisha umeme unaoenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, vikipishana miliampia 30 inakata. Haijali mzigo. Kwa hiyo RCD ikiruka achana na hesabu za wati, tafuta umeme unaotorokea pasipotakiwa.

Ikikata kila ukiwasha kitu cha maana kwenye soketi mpya, na kitu hichohicho soketi ya zamani hakina shida, nyutro imeazimwa. Yaani fundi alipata laivu kwenye sakiti ya soketi ila nyutro akaona ya taa iko karibu zaidi akaichukua hiyo, na taa hazipiti kwenye RCD. Umeme unatoka kwa RCD unarudi kwa njia nyingine, RCD inaona umepotea wote. Hapa hakuna kubadilisha RCD, unarudisha nyutro kwenye laini yake.

Ikigoma kupanda hata ukishusha breka zote, usishangae, breka za kawaida zinakata laivu tu, nyutro zote zinabaki zimeshikana. Hiyo ni nyutro imegusa ethi sehemu, na kama imeanza baada ya kazi mpya anzia kwenye soketi mpya, angalia kama waya wa ethi ulioachwa uchi bila kuvalishwa ile soksi yake ya kijani na njano umelalia skrubu ya nyutro. Ndo kosa ninalolikuta kuliko mengine. Isipokua hapo fundi atatoa nyutro moja moja kwenye boksi mpaka RCD ikubali kukaa.

Ikikata usiku wa mvua tu, ni soketi ya nje au taa ya geti. Ikikata siku za mwanzo baada ya ukuta kutinduliwa na kupigwa plasta upya, ipe siku kadhaa ikauke kwanza. Ikiruka bila mpangilio, chomoa kila kitu kabisa. Nasema chomoa, kuzima swichi ya soketi haitoshi maana swichi nyingi zinakata laivu peke yake na friji bovu linaendelea kuvujisha kupitia nyutro. Kisha rudisha kimoja kimoja, hita na friji kuukuu ndo washukiwa wa kwanza.

Testa inawaka matundu yote mawili na soketi haifanyi kazi

Hii inachanganya watu sana, wanasema laivu ziko mbili. Hapana. Nyutro imekatika. Laivu inafika, inapita ndani ya kifaa chochote kilichowashwa kwenye laini hiyo, tv, taa, chaja, inatokea upande wa pili kwenye nyutro, inakuta njia ya kurudi haipo, inakaa hapo inasubiri mtu. Chomoa kila kitu kwenye sakiti hiyo, zima na taa, pima tena: tundu la nyutro likinyamaza basi ni hilo hasa. Mkatiko wenyewe usiutafute kwenye soketi iliyokufa peke yake, fungua na iliyo kabla yake kuelekea kwenye boksi, kwa sababu soketi ya kuongeza huungwa hapo na nyutro mbili zilizosokomezwa tundu moja, skrubu imeshika moja, ya pili inaelea. Ivute kwa mkono, itatoka.

Simu inachaji taa ikiwa imezimwa, ukiwasha taa soketi inakufa

Ukiona hii ujue umeme umetolewa kwenye swichi ya taa. Pale kwenye swichi kwa kawaida hakuna nyutro, kuna laivu inayokuja na waya unaoenda kwenye taa. Fundi akaona waya mbili akasema ndo hizo hizo, akaziingiza kwenye soketi. Sasa taa ikiwa imezimwa umeme unapita kwenye chaja, kisha kwenye balbu, ndo unakuta nyutro huko juu, kwa hiyo simu inachaji kwa shida na balbu inapepesa au inamulika kidogo. Ukiwasha swichi pande zote mbili za soketi zinakua laivu moja, tofauti sifuri, soketi imekufa. Hakuna kurekebisha kidogo hapo, itolewe, ivutwe nyutro halisi au soketi itolewe sehemu nyingine.

Kuna na ndugu yake ambaye ni hatari zaidi: fundi kakosa nyutro akachukua ethi. Inafanya kazi vizuri tu masika, kiangazi ardhi ikikauka jagi linachelewa kuchemka, taa inafifia, na kila mtu akiwasha kitu pale, friji na bomba la jikoni vinaanza kutekenya vidole. Ukiona dalili hiyo usisubiri kesho.

Friji, bomba au kompyuta inapiga shoti

Nyumba nyingi nguzo inakuletea laivu na nyutro, ethi unajichimbia mwenyewe nje kwa rodi. Watu wanadhani breka itakata mtu akipigwa. Piga hesabu: rodi yenye ukinzani wa omu 20, ambayo kwa mchanga wetu si mbaya, volti 230 gawanya kwa 20 unapata ampia 11 na nusu. Breka ya 20 inaona hiyo ni kazi ya kawaida, inakaa kimya, na bodi la friji linabaki na moto. Kwenye nyumba yenye rodi, anayekata ni RCD. Kama boksi lako halina RCD na unaongeza soketi, hiyo ndo pesa ya kwanza kutoa kabla ya soketi zenyewe, na ile batani yake ya T ibonyeze mara kwa mara, isipokata ni pambo.

Mwingine ana RCD na rodi safi ila soketi mpya haikuvutiwa ethi, waya mbili tu zimeingia. Fungua uangalie. Na kifaa cha pini mbili hakina ethi kabisa, ndo vile watu wanachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili kizibo cha ndani kifunguke. Ile pini nyembamba ya duara haishikwi vizuri na soketi ya pini bapa, inacheza, inatoa cheche, inaunguza. Adapta nzuri yenye fyuzi ni pesa ndogo.

Soketi inapata moto, harufu ya plastiki, inalia zzzz

Acha kuitumia hapohapo. Skrubu zimelegea au pini hazishikwi. Plagi yenyewe ikiwa ya moto kuliko soketi, fungua plagi, fyuzi ya 13 ndani imelegea au kuna mtu alifunga karatasi ya sigara. Soketi iliyobadilika rangi haisafishwi na sandpepa, inabadilishwa, na waya uliokakamaa nyuma yake unakatwa mpaka ufike kopa inayong'aa.

Luku inaisha haraka tangu soketi ziongezwe

Kwanza hakikisha ni uniti zinazoisha na sio pesa inayokatwa, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku na mtu anaona token ndogo analaumu soketi. Ikiwa ni uniti kweli, shusha breka zote ila mein iwe juu, kisha angalia kile kitaa chekundu cha mita. Kikiendelea kupepesa kuna mtu kaunga kabla ya breka zako, mpangaji, jirani, frem ya duka nje. Kikitulia pandisha moja moja uone ipi inakiamsha wakati kila kitu kimechomolewa. Uvujaji wa ampia 1 tu ni uniti 5 na nusu kwa siku, na nyumba isiyo na RCD haitakwambia.

Vitu vya kupewa laini yake mwenyewe

Hita ya bafuni ya wati 5500 inakula ampia 24, hiyo haitolewi kwenye soketi yoyote hata fundi akikuapia. Breka yake ya 32, waya wa 6 ndo nauamini, swichi ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja iwe nje ya mlango wa bafu. Jiko la umeme hivyohivyo. Ac ya chumba kimoja breka ya 20 yake peke yake. Friji sio lazima ila ukiweza lipe, breka ya soketi ikirushwa na pasi nyama isiharibike.

Taa zinawaka kali ghafla, nyingine zinafifia

Hii haina uhusiano na soketi zako ila inatokea watu wamezifungua zote wanatafuta. Taa zinang'aa kupita kawaida, feni inakimbia, chaja zinanuka, na kwa jirani hivyohivyo au kinyume chake: nyutro ya upande wa nguzo imekatika au imelegea, na volti inaweza kupanda kuelekea 400. Zima mein kwanza, maswali baadaye, chomoa friji na tv, gonga kwa jirani naye azime, piga simu ya dharura ya TANESCO. Fundi wa mtaani akikwambia apande nguzo aibane mkatalie, na usirudishe mein mpaka nyutro imeungwa na umepima volti, ziwe karibu na 230.